Sarafu ya Napoleon ya 1855 na tai aliyesimama kichwa chini: ina thamani gani?

"Mzee shikamoo. Nipo Tanga. Babu yetu mzaa baba alikuwa baharia, alifariki zamani, sasa juzi tumefungua kopo lake la biskuti tukakuta sarafu kubwa ya kahawia imeandikwa NAPOLEON III EMPEREUR na mwaka 1855. Nyuma kuna tai na maneno EMPIRE FRANÇAIS na DIX CENTIMES. Chini ya tai kuna kiherufi kimoja, mimi naona ni M. Ajabu yake, ukiigeuza, tai anakuwa kichwa chini miguu juu, kuna jamaa kaniambia hilo ni kosa la kiwandani na ndio zinazotafutwa. Mwingine mtandaoni yuko tayari kuinunua kwa shilingi milioni 38 ila anataka kwanza nitume 120,000 ya sertifiketi. Shingoni kwa huyo mtu wa kwenye sarafu kuna mikwaruzo, sijui inashusha bei. Nimepanga kuisafisha kwa ndimu kabla sijapiga picha nzuri, hizi tatu nilizotuma ni za haraka tu. Ndani ya kopo kuna vingine vitatu vya shaba vina picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu, hivyo sio vya maana. Je huyu ni Napoleon yule yule wa vita? Na ina thamani gani?"

Marahaba mwanangu. Kabla hatujaenda popote, hiyo 120,000 usiitume, na hiyo ndimu irudishe jikoni. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri, sarafu imekaa kwenye kopo miaka yote hiyo haiendi kokote, ila hela ikishatumwa na shaba ikishamwagiwa tindikali hakuna kurudi nyuma.

Niseme la huyo mnunuzi nilimalize maana ndilo linalonikera. Mtu anayenunua sarafu ndiye anayetoa hela, anayeuza hatoi hela, biashara ni hiyo tu toka enzi na enzi. Angalia pia alichokuuliza na ambacho hakukuuliza. Hajauliza uzito, hajaomba picha ya upande wa tai, hajauliza herufi ya chini, kataja milioni 38 papo hapo, halafu kaja na sertifiketi. Mnunuzi wa kweli wa kitu cha milioni 38 angekusumbua wiki nzima kwa maswali, angetaka picha ya ukingo, angetaka kuishika mwenyewe mkononi. Na kwa sarafu ya aina hii sertifiketi haina kazi yoyote, ni sawa na kukatia bima kiberiti. Mblok, usibishane naye, hawa ukibishana nao wanaongeza bei mpaka unaanza kuamini.

Sasa tuje kwenye sarafu yenyewe. Wasiwasi wako naona uko sehemu tatu, kwanza ni nani huyu, pili hilo la tai kupinduka, tatu hela. Ntakwenda hivyo hivyo ila ntachepuka kidogo njiani, uniwie radhi, hizi sarafu nazipenda.

Huyu sio Napoleon wa vita unayemfikiria wewe, yule Bonaparte alifariki 1821, miaka 34 kabla ya hii sarafu kupigwa. Na hata usingekuwa na mwaka ungewatofautisha kwa uso. Bonaparte kwenye sarafu zake zote hana ndevu, uso msafi kama wa mvulana. Wako tazama vizuri, ana masharubu yaliyosokotwa mpaka yakachongoka na kidevuni ana zile ndevu za beberu. Huyo ni mtoto wa ndugu yake, Louis-Napoléon, alichaguliwa rais wa Ufaransa mwisho wa 1848, urais ukawa haumtoshi, Desemba 1851 akapindua serikali aliyokuwa anaiongoza yeye mwenyewe, na mwaka mmoja baadaye akajiita mfalme mkuu, ndio hiyo EMPEREUR unayoisoma. Alikaa mpaka 1870. Ili ujue ni zamani kiasi gani, 1855 Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alikuwa bado hai.

Na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa bei, na sio wewe peke yako, nimeulizwa hili mara nyingi tu. Ukitafuta kwenye intaneti "sarafu ya Napoleon bei" utaona mamia ya euro, kweli kabisa, na roho itakudunda. Lakini Wafaransa wakisema "napoléon" kwenye mambo ya hela wanamaanisha faranga 20 za dhahabu, ambazo ni kitu kingine kabisa. Ile ni ndogo, upana milimita 21, uzito gramu 6.45, na 90 kwa mia yake ni dhahabu, bei yake inapanda na kushuka na bei ya dhahabu duniani. Yako ina upana wa milimita 30, gramu 10, na ni bronze, yaani shaba nyekundu sehemu 95, bati 4, zinki 1. Jina moja, sura moja, vitu viwili. DIX CENTIMES ni senti 10, na ni senti 10 kweli, hela ya kununulia vitu vidogo vidogo. Wafaransa wenyewe walikuwa wanaiita "gros sou", sou nene, kwa sababu sou ya kawaida ilikuwa senti 5 na hii ni sou 2.

Kuhusu gramu 10 subiri kidogo, hapo kuna kitu kizuri. Kabla ya huyu bwana, hela ndogo za Ufaransa zilikuwa fujo tupu, mapande ya shaba ya wafalme wa zamani, ya wakati wa mapinduzi, mengine yaliyeyushwa kutoka kengele za makanisa, mazito, yamechakaa, hakuna anayejua lipi ni lipi. Senti 5 ya wakati wa mapinduzi peke yake ilikuwa gramu 10. Sheria ya Mei 1852 ikasema basi, yakusanywe yote, yayeyushwe, zipigwe mpya za bronze, na uzito ukapangwa kwa akili sana, senti 1 gramu 1, senti 2 gramu 2, senti 5 gramu 5, senti 10 gramu 10. Mwenye duka akikosa mawe ya mizani anatumia hela. Mpaka leo hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kujua kama ni halisi, na wewe unaweza kukifanya kesho asubuhi. Nenda kwa sonara yeyote hapo mjini, mwambie akupimie uzito TU, narudia tu, asichukue tupa yake wala jiwe lake la kukwaruzia akaanza kutafuta dhahabu. Ikisoma kati ya 9.4 na 10 uko salama, ile pungufu ni kuchakaa kwa kupita mifukoni. Ikisoma 7 au 13 uniambie.

Na huko kukusanya fujo yote ile na kupiga mpya ndio sababu sarafu yako ipo nyingi kiasi hiki. Nchi nzima ilihitaji kubadilishiwa hela ndogo ndani ya miaka michache, kiwanda cha Paris peke yake kisingeweza, wakaweka viwanda saba kazini vinapiga kwa wakati mmoja, mamilioni kwa mamilioni. Kila kiwanda kilikuwa na herufi yake chini ya tai. A ni Paris, B ni Rouen, BB ni Strasbourg, D ni Lyon, K ni Bordeaux, MA ni Marseille, W ni Lille. Ndio hicho kiherufi ulichokiona.

Sasa wewe umeniambia ni M. M peke yake haipo kwenye hiyo orodha, kwa hiyo kuna mambo mawili. Inaweza kuwa ya Marseille, ambayo M na A zimeunganishwa zikawa herufi moja, ukiiangalia kwa haraka ni M yenye kijimstari kimekatiza katikati. Na babu alikuwa baharia, Marseille ni bandari, meli za Kifaransa za kwenda Madagaska zilikuwa zinapita Mombasa na Zanzibar, nikasema hapo hapo nimepata hadithi nzuri. Ila nikafungua picha yako ya tatu, ile uliyoisogeza karibu mpaka imebaki herufi peke yake, nikaiangalia, nikaiangalia tena, halafu nikaizungusha simu. Kumbe umepiga picha sarafu ikiwa juu chini! Mwanangu hiyo ni W. Hakuna kijimstari katikati, na ukiigeuza vizuri ncha zake mbili zinaangalia chini. Sarafu yako imepigwa Lille, kaskazini kabisa mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji.

Hiyo W ikabidi inichekeshe, maana mimi Lille nimekaa miaka 6. Kuna soko kubwa la vitu vya zamani kule kila mwanzo wa Septemba, mji mzima barabara zinafungwa watu wanamwaga vitu vyao chini, vyombo, viti, viatu, na kila baada ya hatua chache unakuta mzee na beseni la plastiki limejaa hela kuukuu, unachagua mwenyewe. Ndani ya mabeseni hayo huyu bwana wa masharubu ndio wali na maharage, yupo kila mahali. Nimewahi kuchukua 7 kwa euro 5, na kati yao 2 zilikuwa W za 1855 kama yako.

Tuje kwa tai aliyepinduka, na hilo ndilo lililosababisha picha yako iende juu chini. Aliyekuambia ni kosa la kiwandani hajakudanganya kwa makusudi, nadhani na yeye aliambiwa. Fanya hivi: chukua sarafu yetu ya shilingi 200 au hata ya Kenya, ishike kwa vidole viwili, kimoja juu kichwani na kimoja chini, halafu izungushe kama feni. Upande wa pili unakuja umesimama wima. Sisi tumezoea hivyo, Waingereza ndivyo walivyotuachia. Sasa fanya hivyo hivyo na ya babu, tai anakuja miguu juu. Wafaransa walikuwa wanapiga sarafu zao hivyo kwa makusudi, zote, karne na karne, mpaka faranga ilipokufa na euro ikaja. Ukitaka kuiona ya Kifaransa vizuri unaigeuza kama ukurasa wa kalenda ya ukutani, kutoka chini kwenda juu. Wamarekani nao mpaka leo ndivyo wanavyofanya na dola zao. Kwa hiyo yako ingekuwa na tai amesimama wima ndio ningeshtuka.

Kosa la kweli la aina hiyo lipo lakini linaonekana tofauti, tai anakuwa amelala ubavu, kama saa 3 au saa 9 kwenye uso wa saa, kwa sababu mhuri mmoja wa chuma ulizunguka kwenye mashine bila fundi kuona. Hizo watu wanaongeza hela kidogo. Kidogo, sio milioni 38. Yako kwenye picha imepinduka sawasawa kabisa, nusu duara kamili, kazi safi.

Kitu kimoja kidogo cha kutafuta ukiwa na kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukiivuta karibu. Pembeni ya 1855 kuna vialama viwili vidogo kama punje ya mchele, kimoja kila upande. Kimoja ni cha mkuu wa kiwanda, kingine ni cha mchongaji mkuu wa sarafu za Ufaransa, na hapo mwaka wako una mkasa. Mchongaji alikuwa Jean-Jacques Barre, ndio jina lake hilo BARRE lililoko chini ya shingo, alama yake ilikuwa kichwa cha mbwa. Akafariki katikati ya 1855 hiyo hiyo, mwanawe Albert akashika nafasi, yeye alama yake ni nanga. Kwa hiyo za 1855 ziko za mbwa na ziko za nanga, na wakusanyaji wanaotaka kila kitu wanatafuta zote mbili kwa kila kiwanda. Kwenye picha yako haionekani vizuri ila kama macho yangu hayanidanganyi naona msalaba wenye vikulabu chini, nadhani ni nanga. Sarafu ya baharia. Bei haibadiliki kwa sababu hiyo lakini mimi ningefurahi.

Haya, hela. Bei ya sarafu ya kawaida haipangwi na miaka yake. Hili watu halitaki kuwaingia kichwani, wanaona 1855 wanapiga hesabu ya miaka 170 wanafikiri kila mwaka una bei yake. Kuna sarafu za Kirumi za miaka 1,700 zinauzwa bei ya sahani mbili za biriani. Kinachopanga bei ni zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na watu wangapi wanazitaka. Za kwako zimebaki nyingi sana, wanaozitaka wapo ila karibu wote tayari wanazo, kwa hiyo kinachobaki kubishaniwa ni hali tu.

Hali tunaiangalia sehemu tatu kwenye sarafu hii. Nywele juu ya sikio, kama nyuzi zinaonekana moja moja au zimekuwa pande moja laini. Sikio lenyewe, ndilo limeinuka sana kwa hiyo ndilo linaloliwa mwanzo. Na nyuma, manyoya ya kifua cha tai. Ya kwako, kwa picha hizi, sikio limebaki umbo tu, nywele za pembeni zipo kidogo, kifua cha tai kimekuwa laini kama kokoto ya baharini, lakini mwaka unasomeka wote na maandishi yote yapo mzunguko mzima. Wafaransa wana ngazi zao za kupanga hali, yako ningeiweka ile wanayoiita TB, ambayo kwa maneno ni "nzuri sana" lakini usifurahi, kwa lugha yao nzuri sana maana yake imetumika vya kutosha.

Kwa hali hiyo, huko Ufaransa, yako ni kama euro 1 mpaka 3. Ndio, umesoma vizuri. Ingekuwa ngazi moja juu, nywele zinaonekana na tai ana manyoya, ingefika 5, 10, pengine 15. Ingekuwa kama imetoka kiwandani jana, na bado ina ule wekundu wa shaba mpya kwenye pembe za herufi, hapo ndio unaongelea mia na zaidi, kwa sababu za namna hiyo karibu hakuna, hela ya senti 10 nani angeifungia kabatini mwaka 1855? Watu walinunulia mkate. Zikazunguka hivyo mpaka karne ya 20, mpaka zile za shaba na nikeli zenye tundu katikati zilipoanza kutoka 1917, tundu kama la senti 10 zetu za mkoloni, ndio zikachukua nafasi yake. Na ukisema basi niuze kama chuma chakavu, sarafu 100 ndio kilo moja, piga hesabu mwenyewe.

Kuuza ukiwa Tanga kwa kweli sikushauri. Stempu ya kuituma Ulaya inazidi bei yake. Ukimpata mkusanyaji hapo hapo nyumbani anayetaka ya Napoleon anaweza kukupa 10,000 au hata 20,000 kwa sababu huku hazionekani, mchukulie kama bahati. Chaguo lingine ni kubaki nayo, na mimi ningekuwa wewe ningebaki nayo, ila hilo uamuzi wa familia siuingilii.

Ukibaki nayo, ndimu sasa. Ile rangi ya kahawia unayoiona uchafu sio uchafu. Ni ngozi ya shaba yenyewe, uso wake umeungana na hewa kidogo kidogo kwa miaka mingi ukatengeneza utando mgumu mwembamba, na utando huo ndio unaoilinda chini isiendelee kuliwa. Ndimu, siki, magadi, ile dawa ya kusugulia masufuria, zote zinaula huo utando, sarafu inatoka rangi ya waridi kama ngozi iliyoungua na maji ya moto, inang'aa siku tatu, halafu inaanza kubadilika upya kwa mabaka mabaka. Mkusanyaji akiiona anajua sekunde hiyo hiyo na anairudisha kwenye beseni. Najua kwa sababu mimi mwenyewe ya kwanza kabisa niliiharibu hivyo, nilikuwa na miaka 19, niliisugua na majivu na ndimu jioni nzima, asubuhi nikaipeleka kwa muuzaji mmoja nikiwa na kifua mbele, akaiangalia, akaniangalia, akasema "pole". Hakusema lingine.

Ila kuna jambo moja la pwani. Kama unaona madoa ya kijani hafifu, ya unga unga, ambayo ukiyagusa na kijiti cha meno yanadondoka, huo ni ugonjwa wa shaba, chumvi ya hewa ya bahari imeingia ndani na haitaacha kula. Kijani kigumu kilichoganda sio neno, hicho kiache. Cha unga, loweka sarafu kwenye maji yale yaliyosafishwa ya betri, ubadilishe maji kila siku siku tano sita hivi, kisha kausha kwa kupapasa na kitambaa laini, usisugue, iache juani saa moja. Betri nimesema maji, sio asidi, maana kuna mtu nilimwelekeza hivi akaenda kununua asidi. Halafu iweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu. Usiiweke kwenye vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni, plastiki ile inatoa majimaji na baada ya mwaka sarafu inakuwa na ute wa kijani.

Sasa ile mikwaruzo ya shingoni, nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo kitu pekee kwenye picha zako kilichonifanya nivute kiti. Huyu Napoleon wa tatu mwisho wake ulikuwa wa aibu. Mwaka 1870 akaingia vitani na Waprusi, yaani Wajerumani wa kaskazini, mwanzoni mwa Septemba akatekwa yeye na jeshi lake mahali panaitwa Sedan. Wafaransa walikasirika, na hasira zao wakazimalizia kwenye hizi hizi sarafu, maana uso wake ndio ulikuwa mfukoni kwa kila mtu. Wakamchora kofia ya Kiprusi yenye mwiba juu, wakamweka sigara mdomoni, na nyuma tai akageuzwa bundi, EMPIRE ikawa VAMPIRE. Na shingoni wakamvisha kola kama ya mbwa, imeandikwa SEDAN. Sarafu zilizochongwa hivyo kwa mkono zina watu wake, wanazikusanya hizo tu, na kazi ikiwa nzuri bei inatoka kwenye euro 2 inakwenda makumi, mara nyingine mamia.

Usianze kusherehekea. Mikwaruzo mingi ya shingoni ni mikwaruzo tu, ya funguo, ya kucha, ya mtoto aliyekuwa anajaribu msumari. Kwenye picha yako naona mistari mitatu, miwili inaelekea sambamba na mmoja umekatiza ovyo, naegemea kwenye msumari. Lakini picha ya haraka yenye mwanga wa mbele inaficha vitu. Fanya hivi usiku: zima taa ya chumba, weka sarafu mezani, chukua tochi ya simu nyingine iwe imelala chini kabisa pembeni ya sarafu ili mwanga upite juu yake kwa ubavu, halafu piga picha ya shingo peke yake. Ukiona mistari miwili inazunguka shingo yote sawa kama mkanda, na katikati yake kuna vijistari vilivyosimama, hapo ndio ufike kwa mtu wa sarafu ana kwa ana aishike, usimtumie mtu yeyote kwa posta. Ukiona mistari inakwenda inakokwenda, basi ni msumari.

Na ukiwa hapo hapo na tochi yako, nigeuzie vile vitatu vya mizani ulivyosema sio vya maana. Mizani na Kiarabu, hizo huenda ni pesa za Sultan Barghash wa Zanzibar, angalia chini ya mizani kama kuna tarakimu za Kiarabu ١٢٩٩ au ١٣٠٤, ni 1299 na 1304 ya Hijria. Na zenyewe si adimu, ila zikiwa hazijachakaa kimoja tu kinaweza kumzidi bei huyu mfalme wa Wafaransa uliyemwandikia barua ndefu namna hii. Na mimina kopo lote mezani, mpaka vumbi la biskuti, babu baharia huwezi kujua alipita wapi. Kuna za Sultani Said Ali wa Ngazija zilizopigwa Paris 1890, nazo zina Kiarabu, mwaka wake 1308, ukikuta hiyo usimwambie mtu, niandikie mimi kwanza. Picha pande zote mbili, tai akiwa kichwa juu safari hii.